Vipande Vitatu vya Mtihani, Nilivyovipiga Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Umri wangu miaka sabini na nane. Nimewazika kaka zangu wanne. Nimemzika na daktari aliyeniambia nimebakiza miezi sita. Meno yangu nayo nimeyaaga yote isipokuwa matatu, na hayo matatu ni magumu kama mwenyewe. Piano ndiyo usiseme. Nimezishinda umri nyingi, maana kazi yangu ilikuwa kuzitengeneza: kukaza nyuzi, kubadilisha nyundo, kutoa panya. Shule niliacha darasa la pili. Kusoma nasoma polepole, kuandika naandika hivi hivi. Nota za muziki sijui hata moja. Kwangu mimi ni sisimizi waliotambaa juu ya waya. Lakini masikio! Masikio ninayo. Dondosha kijiko jikoni, nakuambia ni cha chai au cha supu.

Daftari hili nimelianza leo kwa sababu leo nimepata wazo, na mawazo yangu huwa yanaibiwa.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu ana miaka kumi na miwili. Anajifunza piano kwa Mwalimu, yule mama wa mtaa wa nyuma. Jumamosi ya tarehe 16 ana mtihani. Mwaka jana aliufanya huo huo akaanguka kwa alama mbili. Mbili tu! Sasa leo mkwe wangu, mume wa binti yangu, mwenye nyumba tunayokaa mimi na mke wangu, amerudi kazini na futi ya kupimia. Akaniamkia kwa adabu zote, shikamoo baba, kisha akachuchumaa mbele ya piano akaipima. Urefu. Upana. Nikamuuliza jeneza ni la nani. Akasema hapana baba, ila mtoto akianguka tena safari hii basi, piano itatoka, hapo tutaweka kabati la vyombo. Alisema kwa sauti ya chini, anatabasamu. Mtu mpole ndiye wa kuogopwa. Ukimfokea wewe ndiye unayeonekana mwehu.

Kabati la vyombo! Piano ile niliiunda mimi kwa piano mbili zilizokufa, moja ya shule iliyoungua, nyingine ya hoteli iliyofungwa. Utumbo wa hii, mbavu za ile. Na mjukuu amejifunza kusimama kwa kuishika mguu wake. Leo jioni hakupiga kabisa. Alikaa tu kitini, kifuniko kimefungwa, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye mtahini.

Ndipo wazo likaja. Mtoto hajifunzi kwa macho, anajifunza kwa sikio. Akisikia kipande kimepigwa sawasawa mara mia, vidole vitafuata vyenyewe. Basi nitavirekodi vile vipande vitatu vya mtihani kwenye simu. Tena si kwa ajili yake peke yake. Wanafunzi wa Mwalimu wako tisa, wote mtihani mmoja, vipande vile vile. Nitawasaidia wote. Ukarimu ndio maradhi yangu.

Mke wangu aliuliza nitapigaje vitu nisivyoweza kuvisoma. Nikamwambia nimevisikia kupitia ukuta wa jikoni kila jioni tangu mwezi wa pili, mtoto anafanya mazoezi upande ule, mimi namenya viazi upande huu. Navijua kama njia ya chooni. Akasema haya, ngoja tuone. Amekuwa akisema ngoja tuone tangu siku tulipooana.

Jumanne, tarehe 5

Siku ya kwanza ya kurekodi. Nyumba tupu. Nimevaa koti. Kazi ya heshima haifanywi na fulana.

Simu niliiweka mfuko wa shati, karibu na moyo, ili ichukue hisia. Nikapiga vyote vitatu bila kukosea. Nikasikiliza. Dakika kumi na nne za shati likijikuna! Na kwa mbali, moyo wangu. Moyo mzuri, thabiti. Lakini mtahini hatauliza habari za moyo wangu.

Mara ya pili niliisimamisha simu juu ya piano. Kipande cha kwanza ni cha gwaride, kina kishindo, nami nikakipa kishindo chake. Simu ikatembea. Ikafika ukingoni. Ikatumbukia ndani, katikati ya nyundo. Nimefungua kibao cha mbele, nimefungua cha chini, nimelala chali nusu saa nikiitafuta kwa waya. Mkwe akarudi akakuta miguu yangu inatokea chini ya piano. Akauliza kwa upole kama piano imeshaanza kunimeza. Nikamjibu nafanya matengenezo ya kawaida.

Skrubu mbili zimezidi. Sijui zilikuwa za wapi. Piano inalia vizuri zaidi bila hizo.

Jumatano, tarehe 6

Nimefaulu! Simu nimeifunga kwa utepe wa kushonea wa mke wangu kwenye mgongo wa kiti. Imetulia kama mgonjwa.

Kipande cha kwanza, gwaride, nimekipiga kama jeshi zima. Cha pili ndicho hasa. Ni wimbo wa polepole, wa majonzi. Katikati, baada ya zile sauti tatu zinazoshuka, mjukuu wangu huweka kituo kirefu. Kimyaaa. Kama mtu aliyesimama mlangoni anakumbuka alichokisahau. Halafu wimbo unaendelea. Hapo ndipo penye utamu wote. Nami nimekiweka kile kituo palepale, nikakiongeza kidogo kwa faida ya wenye masikio mazito. Kupitia ukuta huwa nasikia pia mchakacho mdogo ndani ya kile kimya. Nadhani ni kanyagio. Nimeuigiza kwa soli ya kiatu. Mimi sifanyi kazi nusunusu.

Cha tatu ni cha mbio. Mwisho wake nimeukimbiza kidogo kwa sababu nilibanwa na mkojo. Haisikiki.

Mwishoni kabisa mke wangu anasikika akisema maji yameshachemka wewe mzee. Nimeacha. Inaleta uhai.

Ijumaa, tarehe 8

Mke wangu yumo kwenye kundi la wazazi la simu. Nimemwomba atume. Akasema kwanza nimwonyeshe Mwalimu. Nikamwambia Mwalimu ana mambo mengi, tusimsumbue. Akasema ngoja tuone, akatuma.

Majibu! Vidole gumba kumi na saba! Mama mmoja ameandika kwamba mwanawe kwa mara ya kwanza amekaa mbele ya piano bila kuburutwa. Mwingine amesema kituo cha wimbo wa pili kimemtoa machozi.

Nilivuka barabara na simu mkononi hadi kwa Fundi Saa. Huyu ni jirani yangu wa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kukubali kwamba najua kitu. Anasoma nota. Tatizo ndilo hilo. Nikamsikilizisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, ile lenzi yake ingali kwenye jicho. Nikamwona anakunja uso pale kwenye kituo. Wivu! Akauliza ndugu yangu, hiki kimya ni cha nini. Nikamwambia ni cha moyo, wewe huwezi kukijua, wewe umezoea saa, na saa ikinyamaza maana yake imekufa. Akasema kwenye kitabu hakipo. Nikamuuliza kwani kitabu kina masikio.

Akaapa atarekodi vyake, kwa mapigo sahihi, na kile kidude chake cha tik-tak. Nikamwambia karibu uwanjani.

Jumapili, tarehe 10

Rekodi ya Fundi Saa imetoka. Ni dakika arobaini! Dakika kumi na moja za mwanzo anaeleza historia ya kidude chake. Halafu anapiga huku anahesabu kwa sauti, moja na mbili na tatu na nne, kama mtu anayegawa magunia. Hakosei hata mara moja. Na hiyo ndiyo kasoro yake.

Vidole gumba: viwili. Kimoja chake mwenyewe. Mama mmoja ameandika asante, kichanga chake kilichokataa kulala kimelala.

Nilimpelekea pole. Akanifungia dirisha.

Jumatatu, tarehe 11

Mwalimu amekuja nyumbani. Mwanamke mrefu, miwani kwenye kamba, sauti ya kukatia mkate. Akasema mzee shikamoo, nasikia unafundisha wanafunzi wangu. Nikamjibu marahaba, nawasaidia tu. Akasema yeye hataki rekodi, iwe yangu, iwe ya Fundi Saa, iwe ya malaika. Mtoto asome ukurasa ulio mbele yake, asiige mtu. Nikamuuliza ameisikiliza. Akasema hajaisikiliza na hataisikiliza, huo ndio msimamo wake. Nikamwambia basi anahukumu kesi bila kusikia shahidi. Mke wangu akakohoa.

Isitoshe, utaratibu wake ni kwamba wiki ya mwisho hasikilizi vipande kabisa. Darasani ni mazoezi ya vidole tu na kusoma nota. Vipande kila mtoto akavipigie kwake. Kwa hiyo wiki nzima hii wanafunzi wote tisa wako na mwalimu mmoja tu. Sitamtaja.

Nilimuuliza mjukuu kama amesikiliza. Akasema ndiyo Babu, mara tatu. Halafu akauliza, Babu, ule wimbo wa polepole, katikati umesimama kwa nini? Nikamwambia hapo ndipo penye utamu. Akaniangalia muda mrefu. Akachukua kitabu, akakaa mbele ya piano na kifuniko kimefungwa, akaanza kugongagonga vidole juu ya mbao. Mstari ule ule mmoja. Tok tok tok, macho amefumba. Jioni nzima! Nikamwambia bibie, fungua upige. Akasema Babu, niache kidogo.

Woga huo wa mtihani. Roho iliniuma.

Jumatano, tarehe 13

Nimezunguka mtaa kukagua mavuno. Nyumba ya kwanza, chini ya dirisha: wimbo wa polepole, zile sauti tatu, kisha kituo changu! Kirefu! Na mchakacho, jamani! Mtoto ameburuza kiatu! Nyumba ya pili, vile vile. Nyumba ya tatu kipande cha mbio kimeishia kwa kasi yangu hasa, utadhani na mtoto naye amebanwa.

Nilisimama pale nikatokwa na machozi. Miaka sitini nimezitibu piano za watu, sijawahi kuambiwa hata keti upige kidogo mzee. Leo napigwa nyumba tatu kwa mpigo.

Nyumba ya nne nilimwagiwa maji ya kufulia. Mwenye nyumba aliomba radhi, alidhani mwizi. Nimemsamehe. Watu wakubwa tumezoea.

Ijumaa, tarehe 15

Mkwe amekuja na seremala. Eti apime tu, endapo. Endapo! Mtihani ni kesho, na mtoto amesimama palepale anasikia.

Nikamvuta seremala pembeni. Nikamwambia kwa siri kwamba sakafu hiyo imeoza, kabati likiwekwa litazama hadi kwa wapangaji wa chini. Akarudi, akaruka juu ya sakafu. Akaruka tena. Akasema mzee, hapa hata tembo anapanga. Halafu, Mungu wangu, akaipapasa piano. Akagonga ubavu wake kwa kidole. Akamwambia mkwe kwamba mbao hii siku hizi haipatikani, wala asinunue nyingine, piano yenyewe itatosha kutoa rafu nne na milango miwili.

Mjukuu akaondoka sebuleni.

Nilimfuata. Alikuwa jikoni, anakunywa maji, kikombe kinagonga meno. Nikamwambia asiogope, Babu ameshapanga kila kitu. Akasema ndicho anachokiogopa, Babu. Mtoto ana utani huyu.

Jumamosi, tarehe 16

Nitaandika yote, kwa sababu watasema uongo.

Mtihani ulikuwa nyumbani kwa Mwalimu. Mtahini yuko chumba cha piano, mlango umefungwa. Nje ni ukumbi mwembamba na benchi moja refu la mbao. Wanafunzi wanaingia mmoja mmoja. Mjukuu wangu ni wa mwisho, wa tisa. Mimi nilikaa mwisho wa benchi upande wa mlango. Mwisho wa upande wa pili alikaa Fundi Saa, ambaye hana mtoto wala mjukuu kwenye mtihani. Alisema amekuja kusikia ushahidi.

Mtoto wa kwanza akaingia. Gwaride, sawa. Wimbo wa polepole. Sauti tatu, kituo, mchakacho. Nikamkonyeza Fundi Saa. Wa pili akaingia. Sauti tatu, kituo, mchakacho. Wa tatu. Mlemle. Mwalimu alikuwa amesimama ukutani. Nikaona ameshusha miwani. Wa nne aliposimama palepale, muda uleule, Mwalimu akamwomba mzazi mmoja simu yake. Akaiweka sikioni. Ndiyo kwanza anaisikiliza rekodi yangu! Nikanyoosha kola, nikasubiri pongezi.

Akaja. Akainama mpaka sikioni. Akanong'ona. Mzee, unajua pale kwenye kitabu pana nini? Nikasema pana majonzi. Akasema hapana, mzee. Pana mwisho wa ukurasa.

Sikuelewa. Akarudia polepole. Mjukuu wako husimama pale kufunua karatasi. Lilikuwa kosa lake la mwaka jana, lilimnyima alama, nimemgombeza nalo miezi mitatu. Wewe umelisikia ukutani, umelirekodi, umelirefusha, na sasa watoto wangu wote wanasimama katikati ya wimbo mbele ya mtahini. Hata wasio na kitabu mbele yao! Na ule mchakacho ni karatasi, mzee. Ka-ra-ta-si.

Ndani, wa tano akasimama. Mchakacho.

Nilijibu kwamba basi kosa ni la mchapishaji, kwa nini akate wimbo pale penye utamu. Lakini hata mimi sikujisadiki. Maana nilimwona mjukuu wangu amekaa chini, mgongo ukutani, kitabu magotini, vidole vinagonga juu ya jalada. Na nilimwona seremala akigonga ubavu wa piano yangu. Alama mbili! Nimembebea kosa lake mwenyewe nimemrudishia, tena kubwa kuliko alivyonipa.

Wa sita. Wa saba. Wa nane. Fundi Saa alikuwa anahesabu vile vituo kwa sauti ndogo, na anaangalia saa yake ya mkononi.

Wakati wa mjukuu ukafika. Akanipita. Nikataka kumwambia usisimame pale, lakini Mwalimu alikuwa amenikazia macho, na mlango ukafungwa.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoonyesha kwa nini kimefika umri huu. Nilifikiri hivi: atasimama pale, hakuna namna. Lakini kukiwa na sababu ya kusimama? Kukitokea kishindo huku nje, sekunde ileile, nani atamlaumu mtoto? Mtahini atasema masikini, ameshtushwa. Kituo kitakuwa cha kishindo, si chake!

Kishindo nitakitoa wapi? Nikaangalia benchi. Watu wengine wote walikuwa wamesimama mlangoni kusikiliza. Tumebaki wawili, mimi huku, Fundi Saa kule. Na miguu ya benchi lile iko katikati katikati.

Gwaride likaisha. Wimbo wa polepole ukaanza. Sijawahi kusikiliza hivyo tangu nizaliwe. Sauti ya kwanza inayoshuka. Ya pili. Ya tatu. Nikasimama kwa nguvu zangu zote.

Benchi likainuka upande wangu kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Fundi Saa akateleza, akapiga sakafu kwa makalio, benchi likampitia begani, likaangusha meza ya vikombe ya Mwalimu. Kishindo cha kiwango cha juu!

Lakini nilichokisikia kabla yake, nusu ya sekunde kabla, ndicho kitakachonifuata kaburini. Hakusimama. Baada ya ile sauti ya tatu mtoto hakusimama. Vidole vyake vilikuwa vimeshavuka, vinakwenda, ukurasa wa pili umeshaanza. Kishindo changu ndicho kilichomsimamisha.

Kimya. Hicho sasa kilikuwa kimya cha kweli.

Mlango ukafunguliwa. Mtahini ni bibi mdogo, mfupi, amevaa viatu vya raba. Akauliza nani. Ukumbi mzima ukaninyooshea kidole, hata Fundi Saa aliyekuwa chini, kwa mguu. Nikasema ni mimi, mtoto hana kosa, mniandikie mimi kuanguka. Nikasema alikuwa anapiga vizuri, bibi, mimi ndiye niliyemharibia.

Akaniangalia. Akasema anajua alikuwa anapiga vizuri, yeye ndiye aliyekuwa ndani. Akasema kanuni inaruhusu, mtoto akikatizwa na fujo za nje ataanza upya kipande hicho. Kisha akasema babu, kaa chini. Sakafuni. Mikono juu ya magoti.

Nikakaa sakafuni. Mikono juu ya magoti. Nina miaka sabini na nane.

Akaanza upya. Polepole. Sauti tatu zikashuka, na wimbo ukapita juu ya pale mahali pangu kama maji juu ya jiwe. Sikujua kwamba baada ya zile tatu, ya nne inazijibu. Miezi mitatu ukutani sikujua. Ni wimbo mmoja, si miwili. Mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu, ameziba mdomo na kiganja, na sidhani alikuwa amenikasirikia wakati ule.

Ulikuwa mzuri. Ila unakwenda haraka mno.

Jumapili, tarehe 17

Taarifa ya Mwalimu imeletwa kwa maandishi: nisionekane ukumbini kwake, wala chini ya dirisha lake, wala karibu na ukuta wowote ambao nyuma yake pana mwanafunzi. Vikombe sita. Nitamlipa kwa kumkazia nyuzi.

Nilimuuliza mjukuu ilikuwaje hakusimama. Alicheka, kisha akaona haya. Akasema, Babu, nilipokuwa nasikiliza rekodi yako nilidhani utanionyesha wimbo unavyotakiwa. Nikasikia mtu anasimama katikati, anachakarisha karatasi, anaendelea. Nikasema nani huyu mjinga. Halafu nikajua ni mimi. Mwalimu alinigombeza miezi mitatu, Babu, nikawa nadhani ananionea. Sikuwahi kujisikia. Ndiyo maana nikaukariri mstari wa mwisho wa ukurasa na wa kwanza wa ukurasa wa pili, nisihitaji kuangalia.

Nikamwambia umeona? Ndivyo nilivyokusudia.

Mke wangu alitoka jikoni kuniangalia usoni, akarudi jikoni.

Ijumaa, tarehe 29

Matokeo! Mjukuu amefaulu! Si kwa alama mbili, kwa kumi na tisa zaidi! Mkwe alisoma karatasi mara mbili. Halafu akachukua ile futi yake akaenda kupima ukuta wa ukumbini, kabati litakaa huko, jembamba. Akapita kwenye piano, akasimama, akabonyeza kibao kimoja kwa kidole kimoja, akaondoka. Nilijifanya sikuona. Mjukuu alipiga mpaka saa ya chakula, kifuniko wazi, vyote vitatu, na tulikula viazi vilivyoungua kwa sababu mmenyaji alikuwa amekaa sebuleni.

Wale wanane wengine wamefaulu pia, kwa kuchechemea. Mtahini amewaandikia wote neno moja: kuna kituo kisichoandikwa, na mwisho wa kipande cha tatu una haraka isiyoelezeka. Mwalimu amenitumia nakala nane. Nimezisoma zote, polepole. Zimenifumbua macho.

Maana nimekaa nikafikiri. Watoto tisa. Wanane hawakupata kishindo: alama za kuchechemea. Mmoja alipata kishindo, akapewa nafasi ya pili: alama kumi na tisa juu! Hesabu haidanganyi. Kilichowakosesha wale masikini ni kishindo. Na mimi nilikuwa na benchi moja tu na Fundi Saa mmoja tu.

Mwakani sitamwacha mtoto hata mmoja nyuma. Rekodi za vipande nimeacha, mambo ya kizamani hayo. Sasa narekodi vishindo. Leo nimeshaanza: sufuria kwenye ngazi, droo ya vijiko, mlango wa bafu, na mke wangu alipokuta droo ya vijiko. Kila mtoto na chake, cha aina yake, mtahini asishtukie. Simu nitaifungia nje ya dirisha la ukumbi, kwa utepe ule ule.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize mke wangu, ataapa, baada ya kusema ngoja tuone. Amuulize Mwalimu, ana vipande vya vikombe. Na Fundi Saa atashuhudia pia, mradi aulizwe akiwa amesimama, maana kukaa bado hawezi.